Chuo Kisicho na Kibao

Maiti ilikuwa imelazwa chali katikati ya chumba, kichwa juu ya koti jeupe lililokunjwa vizuri likawa mto. Bandeji ilizungushwa kichwani mizunguko mingi, ikabana taya na kufunika sikio moja. Kama si damu iliyogandia puani na midomo iliyogeuka rangi, ungedhani ni mgonjwa aliyejipumzisha akimsubiri daktari.

"Nani kamfunga bandeji?" Inspekta aliuliza.

"Si sisi, afande," alijibu Sajini. "Tumemkuta kishahudumiwa."

"Kwa hiyo muuaji ni muuguzi?"

"Au muuaji ana huruma. Siku hizi kila kitu kipo."

Inspekta hakucheka. Kituoni walimwita Bi Taratibu. Hakuwa mzito wa miguu. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, hata mbele ya majambazi. Alipiga goti kando ya maiti, akalitazama lile fundo la bandeji kwa muda mrefu. Alikwisha kuona maiti za kila namna: zilizotupwa mitaroni, zilizofunikwa majani, zilizofungiwa kabatini. Iliyobembelezwa namna hii hakuwahi kuiona.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya saluni na duka la vioo. Pazia zito, taa mbili kubwa za kupigia picha, kamera juu ya miguu mitatu. Ukuta wa nyuma ulijaa rafu za dawa toka sakafuni hadi dari. Inspekta alivaa glavu, akanyoosha mkono achukue boksi moja. Vidole vikagonga turubai. Rafu zote zilikuwa picha.

Mezani palikuwa na kinu cha jiwe jeupe, kile cha kusagia dawa. Mchi wake ulikuwa umebiringika chini ya meza, ukiwa na damu na nywele.

"Silaha hiyo hapo," alisema Sajini. "Hata kuificha hakuificha."

"Chukueni alama za vidole. Simu ya marehemu iko wapi?"

Simu ilikuwa mezani, karibu na kinu. Namba ya mwisho kupigwa ilikuwa ya gari la wagonjwa, Jumamosi alasiri. Leo ilikuwa Jumatatu.

Inspekta aliisoma namba ile mara mbili. Mtu kampiga mwenzake kwa mchi wa jiwe, kisha kamfunga bandeji, kamtilia mto, kampigia simu ya msaada. Na bado aliyepigwa akalala hapo siku mbili bila kufikiwa na yeyote.

Aliyeikuta maiti alikuwa fundi wa kamera, kijana mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi.

"Funguo ziko kwa nani?"

"Kwangu na kwake, afande."

"Mlango uliukutaje?"

"Umerudishiwa tu. Haukufungwa."

"Jumamosi alasiri ulikuwa wapi?"

"Kwenye harusi, napiga picha. Bibi harusi alinigombeza mbele ya ukumbi mzima kwa kuwa nilimchukua upande wenye chunusi. Waulize."

"Tutawauliza. Marehemu alikuwa nani?"

"Profesa. Mwenye chuo."

"Chuo kipi?"

Kijana aliuonyesha mlango. "Hiki, afande. Chuo cha famasia, cha mtandaoni. Wanafunzi wanasomea kwenye simu zao. Wako wengi, hata sijui idadi. Mimi narekodi masomo, mwenyewe anayaweka mtandaoni."

"Wanafika hapa?"

"Hapana. Profesa hakupenda. Hata kibao hakuweka."

"Profesa wa kweli?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Afande, yule alikuwa anatembeza dawa za kampuni. Anazunguka mahospitalini na begi, anawashawishi madaktari. Wakamfukuza. Uprofesa aliuvalia hapa hapa, pamoja na lile koti."

"Na wewe ulijua."

"Mimi ni wa kamera tu."

"Sikukuuliza kazi yako."

Dereva wa gari la wagonjwa hakuwa na raha kuhojiwa. Aliikumbuka ile Jumamosi vizuri kuliko alivyopenda.

"Tulikwenda, Inspekta. Msidhani hatukwenda. Mwanamke alipiga simu akasema kuna majeruhi wa kichwa, njooni haraka chuoni. Akataja mtaa. Tukafika na king'ora. Tukauliza chuo, watu wakatushangaa. Pale kuna duka la vioo na saluni. Tukazunguka, tukaipiga ile namba, haipokelewi. Tukadhani ni wale watu wanaotuchezea."

"Mkaondoka."

"Tuliitwa kwenye ajali nyingine." Alijifuta uso. "Tungefanyaje? Tulitafuta chuo."

"Huyo mwanamke alizungumzaje?"

"Aliyepokea simu anasema alikuwa kama mwanafunzi anayemsomea mwalimu wake. Alisema, 'Majeruhi amezirai, nimemlaza chali, nimemwinua kichwa, nimedhibiti damu.' Anataja hatua kwa hatua, huku analia."

Kutoka hapo Inspekta alikwenda chumba cha maiti. Daktari wa uchunguzi alikuwa mtu wa maneno machache, na alianza na mawili tu.

"Pigo halikumuua."

"Unasemaje?"

"Fuvu lina ufa mdogo kisogoni. Angeumwa kichwa wiki kadhaa, angekaa hospitali, angerudi kwake. Lakini alizirai, akatapika, na matapishi yakaziba njia ya hewa. Mtu aliyezirai huwekwa ubavu, kila mtu wa hospitali analijua hilo. Huyu kalazwa chali, kichwa kikainuliwa, shingo ikakunjika, na bandeji ikamfunga taya. Aliyemlaza hivyo ama alitaka afe, ama hakujua anachokifanya."

Inspekta aliikumbuka ile simu. Yule mwanamke wa kwenye simu hakusikika kama mtu asiyejua. Alisikika kama mtu aliyefundishwa.

Akamrudia fundi wa kamera.

"Mlishawahi kurekodi somo la huduma ya kwanza?"

"Ndiyo. La nane. Tulilirudia mara tatu, Profesa alikuwa anasahau maneno."

"Niwekee."

Kwenye kioo cha kompyuta Profesa alitokea akiwa hai, mnene, mwenye sauti ya kubembeleza. Mbele yake sanamu ya kuonyeshea nguo ilikuwa imelala chali. "Wanafunzi wangu," alisema, "mgonjwa aliyezirai mlaze chali, mwinulie kichwa, damu isije ikakimbilia ubongoni. Kisha mfunge bandeji hivi." Akaizungusha juu ya kichwa, chini ya taya, juu ya sikio. Fundo likawa lile lile.

"Mungu wangu," Sajini alinong'ona. "Kafa kwa somo lake mwenyewe."

Inspekta aliizima ile sauti. "Mwanafunzi gani anapajua hapa?"

"Hakuna, afande."

"Fikiri."

Kijana akafikiri. Kisha rangi ikamtoka. "Yule wa tangazo."

Akaliweka tangazo. Muziki, picha za maabara ya watu wengine, na sauti ya Profesa: soma famasia ukiwa nyumbani, milango ifunguke, hospitalini, viwandani, kwenye maabara za utafiti, kwenye ukaguzi wa dawa, hata duka lako mwenyewe. Halafu akatokea mwanamke kijana, koti jeupe, tabasamu la mtu asiyezoea kupigwa picha. "Nilisoma usiku, watoto wa dada yangu wakishalala," alisema. "Leo mimi ni mtoa dawa. Ukiniuliza, nitakwambia inawezekana."

"Huyu alikuja hapa kurekodi," kijana alisema. "Na amekuja tena wiki mbili zilizopita. Profesa akanituma nikanywe chai. Nikiwa kwenye ngazi nikamsikia analia. Anasema matone, matone. Sikuelewa."

"Hukuuliza?"

"Mimi ni wa..."

Duka la dawa alikofanya kazi yule mwanamke halikuwa mbali. Mwenye duka, mfamasia wa makamo mwenye miwani puani, aliwakaribisha nyuma ya kaunta kwa adabu iliyozidi.

"Aliacha kazi mwezi uliopita. Alifiwa na mtoto wa dada yake. Akarudi siku moja, akasimama mbele ya rafu ya dawa za watoto, akashindwa kugusa chupa. Akavua koti, akaondoka."

"Cheti chake ulikihakiki?"

"Kilikuwa na mhuri."

"Ulikihakiki kwenye baraza la wafamasia?"

Mfamasia alivua miwani. "Alikuwa binti mwadilifu, Inspekta. Anawahi, hachoki, wateja wanampenda. Nilisema nitahakiki, nitahakiki..."

"Kwani famasia haisomwi mtandaoni?"

"Inasomwa! Vipo vyuo vya kweli. Nadharia unasoma kwenye kompyuta yako, lakini mikono unaileta maabara na wodini, unasimamiwa, halafu unafanya mtihani wa baraza. Kuna vijana wazuri sana wametoka huko. Huyu hakuna aliyewahi kumsimamia." Akatazama chini. "Hata mimi."

"Mtoto aliugua nini?"

"Homa, walisema. Kisha ini likashindwa." Akaivaa miwani tena, na Inspekta akaona kwamba mtu huyu alikwisha kukisia zamani, akaamua kutojua.

Walimkuta nyumbani kwake, chumba kimoja cha kupanga, anafua. Alipoona sare za polisi aliikamua nguo aliyokuwa nayo mkononi, akaianika, akafuta mikono.

"Gari la wagonjwa lilimfikisha?" aliuliza. "Yu hai?"

"Twende kituoni," Inspekta alisema.

Akajua. Mwenyewe akanyoosha mikono ifungwe pingu.

Katika chumba cha mahojiano palikuwa na meza, viti vitatu na dirisha dogo la juu. Sajini alishika kalamu. Inspekta akamwambia mtuhumiwa kwamba ana haki ya kunyamaza, na kwamba atakalosema litaandikwa na kuweza kutumika mahakamani.

"Nitasema," mwanamke alisema. "Nimechoka kukaa nalo."

"Jumamosi alasiri ulikuwa wapi?"

"Kwa Profesa."

"Ulimpiga?"

"Nilimpiga."

"Kwa nini?"

Akatazama mikono yake. Ilikuwa bado imekunjamana kwa maji ya sabuni.

"Mtoto alipata homa. Yule mdogo, mwenye miaka miwili. Dada akaniambia, 'Mwenzangu wewe ndiye msomi, mpe dawa.' Dukani dawa ya kijiko ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na ile ya matone, ya watoto wachanga. Somo la tano linasema matone na ya kijiko ni dawa ile ile, tofauti ni chupa. Mimi nililijua somo la tano kwa moyo. Nikampa kwa kijiko."

"Na ya matone ni kali zaidi."

"Kali mara kadhaa zaidi. Siku hizi najua." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilimpa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila akilia, nampa. Akawa ananifungulia mdomo mwenyewe, maana ni tamu. Macho yakawa ya njano. Hospitali daktari akauliza, 'Mmempa nini?' Nikasema dawa ya homa tu. Kisha nikatoka nje nikaisoma ile chupa, maandishi madogo. Nikayasoma nimesimama kwenye korido, na mtoto yuko ndani anakata roho."

Sajini aliacha kuandika.

"Dada yako anajua?"

"Hapana!" Kwa mara ya kwanza akainua uso. "Anajua ni homa. Ananishukuru. Anawaambia watu bila mimi asingeweza hata kusimama kaburini."

"Ukaenda kwa Profesa."

"Mara ya kwanza nilimwomba alitoe lile somo. Sikumlaumu, nililia tu. Akaniita mwanangu, akanipa pole, akaahidi. Baada ya wiki nikafungua simu, somo lipo, na watu wapya wanaandika chini yake, 'Asante Profesa, sasa nimeelewa.' Nikarudi Jumamosi. Akasema kosa si la somo, ni la mwanafunzi. Nikamwambia sawa, basi nieleze wewe. Matone na ya kijiko vinatofautianaje? Nieleze tu, nijue nilikosea wapi."

"Akakueleza?"

"Hakujua, mama." Kwa mara ya kwanza sauti ilikatika. "Hakuwa anajua. Akanigeuzia mgongo, akachukua simu aangalie mtandaoni. Mtu niliyemwamini kuliko baba yangu. Nikauona ule mchi. Sikumbuki kuunyanyua. Nakumbuka alivyoanguka. Na hapo hapo nikaona ni mtu, ni mzee, anatoka damu. Nikamhudumia. Nikapiga simu. Nilipousikia mlio wa gari uko chini nikasema wamefika, watamuokoa. Nikauacha mlango bila kuufunga, nikakimbia kwa ngazi za nyuma."

"Gari halikupaona mahali," Inspekta alisema. "Walitafuta chuo."

Mwanamke alifumba macho.

"Lakini nilimlaza vizuri," alisema. "Hata kama nimekosea mengine, kumlaza nilimlaza vizuri. Si ndiyo?"

Sajini alitazama karatasi yake. Inspekta angeweza kunyamaza; sheria haikumlazimu kujibu. Lakini daktari angelisema mahakamani, mbele ya umati.

"Bora ulisikie kwangu," alisema. "Pigo lisingemuua. Aliyezirai hawekwi chali, anawekwa ubavu. Alikabwa na matapishi yake."

Hakulia.

"Basi hakunifundisha hata kitu kimoja," alisema.

Kisha akainamia meza. "Mama, nakuomba. Andika yote, nimempiga, nimemuua, nifungwe. Lakini hilo la mtoto usiliandike."

"Bila hilo, utaonekana mwizi aliyempiga mzee kwa nyuma."

"Basi niandike mwizi."

"Siwezi, binti yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza Inspekta kumwita mtuhumiwa hivyo. Alitoka nje kupumua. Sajini akamfuata na simu mkononi.

"Afande, nimeongea na fundi wa kamera. Masomo hayawezi kutolewa mtandaoni. Neno la siri alikuwa nalo marehemu peke yake. Wenzetu wameandika barua kwa kampuni ya mtandao, hawajajibiwa."

"Na la tano?"

"Lipo. Na leo wamejiandikisha wapya."

Dada alifika kabla ya saa za jioni, amebeba mfuko wa nguo na sabuni. Alikuwa mwanamke mrefu aliyekonda karibuni, nguo zikimning'inia. Akasimama mbele ya kaunta kama mtu aliyekuja kusahihisha makosa ya karani.

"Mmemshika mdogo wangu kimakosa," alisema. "Yule hawezi kuua hata mende, anamfagilia nje. Muulizeni mtu yeyote. Ndiye aliyekesha na mwanangu hospitali, mimi miguu ilikuwa imeniisha. Kampiga mtu kwa nini? Ana sababu gani?"

Inspekta alifungua mdomo. Miaka yote hiyo ya kazi, alikwisha kupeleka habari za vifo kwenye nyumba nyingi, na kila mara maneno yalipatikana.

"Ngoja," alisema.

Akarudi ndani. "Dada yako yuko nje. Anauliza sababu. Nimwambie mimi, au asikie mahakamani, au umwambie wewe?"

Mwanamke aliinua kichwa mezani. Akajifuta uso kwa mkono wa gauni, upande mmoja, kisha wa pili, akaketi wima.

"Mlete. Kutoka kwangu ni haki yake."

Inspekta aliwaacha wawili, akasimama mlangoni upande wa nje. Alisikia dada akisema, "Umekonda, huli?" Alisikia sauti ya chini ikianza, ikikwama, ikianza tena. Ikaendelea kwa muda mrefu. Kisha hapakuwa na kitu. Alisubiri kelele, kilio, kiti kuanguka. Alikuwa tayari kwa yote hayo.

Mlango ukafunguliwa. Dada akatoka na mfuko wake vilevile mkononi. Akapita mbele yao bila kuwaona, akatembea hadi mlango mkubwa, akashika kitasa. Hapo akasimama. Akageuka, akarudi polepole, akauweka mfuko juu ya kaunta.

"Mpeni," alisema. "Kuna sweta ndani. Humo mnamomlaza kuna baridi."

"Mahabusu wanatembelewa asubuhi," Sajini alisema kwa upole. "Ukija kesho..."

"Nani? Mimi?"

Alimtazama Sajini kama mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha asiyoijua. Kisha akatoka, na kutoka dirishani Inspekta alimwona akivuka barabara bila kuangalia magari. Madereva walipiga honi. Hakugeuka.

Inspekta aliuchukua ule mfuko, akaupeleka mahabusu mwenyewe.